Siku moja Ulaanbaatar: mji uliozaliwa safarini na namna ya kuuelewa

Ratiba ya kuzungushwa Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, kwa siku moja haitofautiani sana kutoka kwa mwongozaji mmoja hadi mwingine. Asubuhi ni monasteri ya Gandan. Kisha uwanja mkuu wenye sanamu ya mpanda farasi, makumbusho moja au mawili, kasri la mfalme wa mwisho, kilima cha Zaisan chenye mnara wa kuwaenzi askari wa Kisovieti, na jioni onyesho la muziki. Kila kituo kinavutia kikitazamwa peke yake. Tatizo huja usiku, mgeni anapojaribu kuviunganisha. Kwa nini hekalu maarufu kuliko yote lina sanamu iliyokamilika mwaka 1996? Ni mfalme gani huyo aliyekuwa kiongozi wa watawa, akawa na mke, tena mzaliwa wa Tibet? Mbona hekalu jingine limejaa vinyago na sanamu lakini hakuna anayesali ndani? Na mpanda farasi wa katikati ya uwanja ni nani, ikiwa si Chinggis Khan, mwasisi wa dola ya Wamongolia?

Maswali haya yote yanatokana na jambo moja ambalo ratiba hailisemi. Ulaanbaatar ulianza kama monasteri, ukakua kama monasteri, ukatawaliwa na kiongozi wa monasteri. Kisha serikali ikaivunja monasteri hiyo kwa makusudi, na tangu 1990 wenyeji wamekuwa wakikusanya kilichosalia na kujenga upya kilichopotea. Vituo vya ziara vinatoka katika hatua tofauti za kisa hicho, ila gari la watalii huvipitia kwa kufuata urahisi wa barabara, bila kujali kipi kilitangulia. Anayeijua historia anaweza kuvipanga upya kichwani hata akipelekwa kinyume.

Mji uliopakiwa juu ya ngamia

Mwaka 1639 wakuu wa Wamongolia wa Khalkha walikusanyika na kumtangaza mtoto wa miaka minne hivi kuwa kiongozi wao wa kidini. Alikuwa mwana wa Tüsheet Khan Gombodorj, wa ukoo wa Chinggis Khan, na baadaye alijulikana kwa jina la Zanabazar. Walimjengea makao ya mahema, na watawa wakaanza kukusanyika kumzunguka. Hapo ndipo Ulaanbaatar unapohesabu mwanzo wake. Warusi waliuita Urga, jina linaloonekana hadi leo kwenye ramani za kale.

Kwa karibu karne na nusu mji huo haukutulia. Mahekalu yake yalikuwa mahema makubwa ya manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa. Malisho yakipungua au vita vikikaribia, yalikunjwa, yakapakiwa juu ya ngamia na mikokoteni ya ng'ombe, na mji mzima ukasogea na sanamu zake, maandiko yake na maelfu ya watu wake. Ulihama mara nyingi, kwa hesabu ya kawaida karibu mara thelathini, mpaka 1778 ulipotia nanga pale mto Selbe unapoingia katika mto Tuul, chini ya mlima Bogd Khan. Kulikuwa na sababu za kutulia. Watawa walikuwa wameongezeka kiasi kwamba kuhama kulikuwa kazi nzito mno, na mahali penyewe palikuwa kwenye njia ya misafara ya chai iliyotoka China kwenda Kyakhta, mpakani mwa Urusi. Wafanyabiashara wanahitaji kujua mji uko wapi.

Kwa hiyo usitafute hapa magofu ya enzi za Chinggis Khan. Makao makuu ya dola yake, Karakorum, yalikuwa mbali upande wa magharibi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na alama yake kubwa leo ni monasteri ya Erdene Zuu iliyoanza kujengwa karne ya 16. Majengo ya zamani kabisa utakayoonyeshwa Ulaanbaatar ni ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Mji wenyewe una umri mkubwa kuliko kuta zake.

Zanabazar anastahili saa nzima ya siku yako. Mbali na uongozi wa dini alikuwa msanii wa kiwango cha juu sana. Sanamu zake za shaba zilizopakwa dhahabu, hasa za Tara, mungu wa kike wa huruma, na zile za Mabuddha watano, zina utulivu wa uso na ulaini wa mikono ambao ni vigumu kuamini kwamba ulitoka kwenye chuma kilichoyeyushwa katika karne ya 17. Mwaka 1686 alibuni mwandiko uitwao Soyombo, na alama yake kuu ndiyo iliyo kwenye bendera ya Mongolia hadi leo. Kazi zake nyingi zimo katika makumbusho ya sanaa yanayobeba jina lake, yaliyoanzishwa 1966. Humo humo utaikuta picha ya Marzan Sharav inayoitwa "Siku Moja Mongolia", iliyochorwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kitambaa kimoja chenye mamia ya watu wadogo: wanaokamua farasi, wanaozika, wanaooa, wanaopigana, wanaojenga hema, wanaolewa. Mwongozaji mzuri atakuacha mbele yake dakika ishirini bila kusema neno.

Mtoto wa Tibet aliyekuwa mfalme

Waumini waliamini kwamba Zanabazar alipofariki mwaka 1723 alizaliwa tena, na kwamba kila kiongozi aliyefuata ni yeye yule katika mwili mpya. Cheo hicho kinaitwa Jebtsundamba Khutuktu. Wenyeji husema Bogd, yaani Mtakatifu. Wa pili naye alikuwa Mmongolia. Lakini tangu 1691 Mongolia ilikuwa chini ya nasaba ya Qing ya Wamanchu waliotawala China, na utawala wa Beijing uliona hatari: mtu mmoja akiwa na damu ya Chinggis na mamlaka ya dini pamoja, anaweza kuwaunganisha Wamongolia wote. Baada ya uasi wa miaka ya 1750 ikaamriwa kwamba kuanzia wa tatu, Bogd atafutwe Tibet. Ni siasa hiyo, wala si dini peke yake, iliyowaleta watoto wa Kitibeti kuja kulelewa kwenye nyika za Mongolia.

Bogd wa nane aliletwa akiwa mtoto mdogo katika miaka ya 1870. Wamanchu walidhani atakuwa mgeni asiye na mizizi. Badala yake, nasaba ya Qing ilipoanguka mwaka 1911, wakuu wa Mongolia walitangaza uhuru na tarehe 29 Desemba wakamtawaza kuwa Bogd Khan, mfalme wa nchi nzima. Kasri lake la majira ya baridi, lililojengwa kati ya 1893 na 1903 kusini mwa mji, ndilo la pekee lililosalia kati ya makazi yake, na limekuwa makumbusho tangu muda mfupi baada ya kifo chake.

Ukifika pale, anza na lango. Lilijengwa kati ya 1912 na 1919 kuadhimisha uhuru, na mafundi waliliunganisha kwa viungo vya mbao vilivyoingiliana, bila msumari hata mmoja. Mbele kuna mahekalu madogo yaliyopangana, na pembeni nyumba nyeupe ya ghorofa mbili ya mtindo wa Kirusi alimoishi mfalme na mkewe. Ndani ya nyumba hiyo utaona viti vya enzi, mavazi, mkusanyiko wa wanyama waliokaushwa, na hema lililofunikwa kwa ngozi za chui wa theluji zipatazo 150. Wageni wengi hupiga picha hema hilo na kuondoka. Inafaa kusimama kidogo hapo, kwa sababu vitu hivyo vinaonyesha ukubwa wa mali na nguvu iliyokuwa imejikusanya kwenye taasisi moja ya dini katika nchi ya wafugaji maskini. Asiyeliona hilo hataelewa kwa nini wanamapinduzi walipata wafuasi wa kweli miongoni mwa watu wa kawaida. Na atakayeona utajiri peke yake hataelewa kwa nini watu hao hao walilia monasteri zilipoteketezwa.

Gandan, na kilichotokea miaka ya 1930

Bogd Khan alifariki Mei 1924. Serikali mpya, iliyoshika madaraka Julai 1921 kwa msaada wa Jeshi Jekundu la Urusi, ilizuia kutafutwa kwa mrithi wake. Novemba 1924 ikatangaza jamhuri ya watu na kuubatiza mji jina jipya, Ulaanbaatar, Shujaa Mwekundu.

Hapo mwanzo monasteri ziliendelea. Sehemu kubwa ya wanaume wa nchi walikuwa malama, yaani watawa wa Kibuddha, wa ngazi moja au nyingine; monasteri ndizo zilizokuwa shule, hospitali, benki na soko. Moscow ilitaka zivunjwe. Waziri Mkuu Peljidiin Genden, aliyeongoza kuanzia 1932, alisita na kumpinga Stalin. Aliondolewa 1936 na kupigwa risasi Moscow mwaka uliofuata. Mamlaka ya kweli yakabaki kwa Khorloogiin Choibalsan. Kati ya 1937 na 1939 watu wapatao 30,000 waliuawa, katika nchi ambayo haikuwa na hata watu milioni moja, na zaidi ya nusu yao walikuwa malama. Monasteri zaidi ya 700 ziliangamizwa. Vitabu vilichomwa, sanamu za shaba zikapelekwa kuyeyushwa. Wasomi wa tiba, wa nyota, wa falsafa na wa uchoraji walitoweka wote kwa mkupuo, na maarifa yaliyopitishwa kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi yakakatika katikati.

Sasa ingia Gandan ukijua hilo. Monasteri hii, iliyoanza kujengwa mwaka 1809 upande wa magharibi wa mji, ilifungwa 1938. Baadhi ya mahekalu yake yalibomolewa, mengine yakageuzwa makazi na mazizi ya farasi. Mwaka 1944 iliruhusiwa kufunguliwa tena kwa kiasi kidogo. Waongozaji wengi husimulia kwamba ilifunguliwa kwa haraka kwa sababu Makamu wa Rais wa Marekani, Henry Wallace, alipita mjini mwaka huo, na serikali ilitaka awe na hekalu la kuonyeshwa. Kwa vyovyote, kwa miongo iliyofuata Gandan ndiyo iliyokuwa monasteri pekee inayofanya kazi mjini, chini ya macho ya serikali. Kwa watu wa nje ilikuwa ushahidi kwamba dini inaruhusiwa. Kwa wazee waliokuja kimyakimya na watoto wao, ilikuwa uzi mwembamba ambao haukukatika.

Hekalu refu kuliko yote hapo linaitwa Migjid Janraisig. Sanamu ya kwanza iliyokuwa ndani yake ilitengenezwa mara baada ya uhuru wa 1911. Bogd Khan alikuwa anapoteza uwezo wa kuona, na Wamongolia walichanga wasimamishe sanamu ya Avalokiteshvara, yule mwenye kuwatazama viumbe wote kwa huruma, wakimwombea mfalme wao apone macho na wakiiombea nchi uhai mpya. Mwaka 1938 ilibomolewa na chuma chake kikachukuliwa. Jengo lilibaki tupu. Uhuru wa dini uliporudi, watu wakachanga tena, wengi wao katika miaka ya njaa na uhaba iliyofuata kukatika kwa misaada ya Kisovieti, na mwaka 1996 sanamu mpya ikasimama: mita 26.5, imepakwa dhahabu. Ndani ya mwili wake kumejazwa mitishamba, maandiko matakatifu, mafungu ya sala, na hata hema zima lenye vyombo vyake. Kwa hiyo mwaka 1996 haupunguzi thamani ya mahali hapo. Unachokiona pale ni nadhiri iliyotimizwa mara mbili na taifa moja.

Fika kabla ya saa nne asubuhi ukitaka kuwakuta watawa wakisoma sala kwa sauti. Zunguka kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa, magurudumu ya sala yazungushe kwa mkono wa kulia, usiwapige picha watawa bila kuomba ruhusa, na usiwageuzie sanamu mgongo ukiwa karibu nazo. Ndani ya baadhi ya mahekalu picha hulipiwa au zimekatazwa, mwongozaji atakuambia.

Watu huuliza kama Bogd bado yupo. Wa tisa alitambuliwa kwa siri akiwa Tibet, akaishi uhamishoni India kwa miaka mingi, akapata uraia wa Mongolia na kufia Ulaanbaatar mwaka 2012. Machi 2023 Dalai Lama alionekana hadharani India pamoja na mtoto wa familia ya Kimongolia aliyetajwa kuwa wa kumi. China, inayodai haki ya kuidhinisha viongozi wa namna hiyo, inalitazama suala hili kwa makini sana, na Mongolia imebanwa kati ya China na Urusi. Ukimwona mwongozaji wako anajibu kwa uangalifu, ndiyo sababu.

Hekalu lililookolewa kwa kuitwa makumbusho

Kusini kidogo ya uwanja mkuu, likiwa limezungukwa na majengo marefu ya vioo, kuna hekalu la Choijin Lama. Lilijengwa kati ya 1904 na 1908 kwa ajili ya Luvsankhaidav, mdogo wake Bogd Khan, aliyekuwa mtabiri wa dola: mtu aliyepandwa na roho na kutoa kauli kuhusu mambo ya nchi. Nalo lilifungwa 1938, lakini halikubomolewa. Mwaka 1942 lilifanywa makumbusho, wazo likiwa kwamba wananchi waje waone ushirikina wa zama zilizopita. Kwa hesabu ya serikali ya wakati ule, hapo palikuwa pa kuikejeli dini. Matokeo yake ni kwamba vinyago, michoro, nguo za hariri na sanamu vilivyokuwa humo vilibaki mahali pake, wakati vya monasteri nyingine vimekuwa majivu.

Jambo hili linafafanua siku yako nzima: katika Ulaanbaatar, kilichosalia kilisalia mara nyingi kwa sababu mtu fulani alikipa jina la makumbusho. Kasri la Bogd Khan liliokoka hivyo hivyo. Wafanyakazi wa makumbusho hayo walitunza vitu ambavyo hadharani walitakiwa kuvidharau, na inafaa tuwashukuru.

Usipite haraka kwenye vinyago vya Tsam. Tsam ni ngoma ya kidini ambayo malama waliicheza wakiwa wamevaa vinyago vya miungu walinzi, na mjini hapa ilichezwa tangu 1811 hadi 1937. Vinyago hivyo ni vikubwa kuliko kichwa cha mtu, vyenye macho matatu na mafuvu ya kichwa kama taji. Kilicho maarufu zaidi ni cha mungu Jamsran, kilichofunikwa kwa vipande zaidi ya 6,000 vya marijani nyekundu. Fikiria marijani, kitu cha bahari, katika nchi isiyo na bahari, iliyo maelfu ya kilomita kutoka pwani yoyote yenye joto. Imefika kwa njia za biashara. Sura za kutisha zisikupotoshe: hasira ya mungu huyo imeelekezwa kwa ujinga na tamaa, na muumini aliyemtazama alijihisi analindwa.

Uwanja na majina yake

Uwanja wa Sükhbaatar ndio kituo rahisi kukipita bila kukielewa. Mpanda farasi wa katikati ni Damdin Sükhbaatar, kamanda wa mapinduzi ya 1921, aliyefariki 1923 akiwa na umri wa miaka 30 tu. Sanamu yake iliwekwa 1946. Nyuma yake, mbele ya jumba la serikali, palikuwa na kaburi la marumaru la Sükhbaatar na Choibalsan, mfano wa lile la Lenin kule Moscow. Lilibomolewa 2005, na mwaka uliofuata, katika maadhimisho ya miaka 800 ya dola ya Wamongolia, mahali pake pakawekwa Chinggis Khan ameketi katikati ya nguzo, na pembeni yake mwanawe Ögedei na mjukuu wake Kublai.

Kwa mgeni hilo linaonekana la kawaida: taifa linamweka mwasisi wake mbele ya bunge. Lakini katika enzi za Kisovieti kumsifu Chinggis lilikuwa jambo la hatari, kwa kuwa Warusi walimkumbuka kama aliyewaachia wajukuu walioitawala nchi yao. Mwaka 1962, ilipotimu miaka 800 ya kuzaliwa kwake, Daramyn Tömör-Ochir, mjumbe wa uongozi wa juu wa chama, aliunga mkono maadhimisho na kusimamishwa kwa mnara. Alifukuzwa kazi, na hakurudi tena kwenye siasa. Leo uwanja wa ndege, vinywaji, hoteli na noti zina jina au sura ya Chinggis. Wingi huo unachosha macho, nakubali, lakini ni wa watu waliokatazwa kulitaja jina hilo kwa vizazi viwili. Mwaka 2013 hata uwanja wenyewe ulipewa jina lake, kisha 2016 ukarudishiwa la Sükhbaatar. Wenyeji hutumia majina yote mawili.

Hapo hapo, Machi 1990, vijana walikaa kwenye baridi wakigoma kula, wakidai chama tawala kiachie ngazi. Siku mbili baadaye uongozi wa juu wa chama ulijiuzulu, na Julai ukafanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Mmoja wa viongozi wa vuguvugu hilo, Sanjaasürengiin Zorig, aliuawa nyumbani kwake 1998. Sanamu yake imesimama karibu na uwanja, na ziara nyingi huipita bila kuitaja. Muulize mwongozaji akuonyeshe.

Kinachoonekana kutoka Zaisan

Mnara wa Zaisan ulijengwa 1971 kuwaenzi askari wa Kisovieti. Juu ya kilima kuna duara la zege lenye picha za vigae vya rangi: msaada wa 1921, ushindi dhidi ya Wajapani kwenye mto Khalkhin Gol mwaka 1939, kuanguka kwa Ujerumani ya Hitler, na safari za anga za juu. Baada ya kuona Gandan na Choijin ni rahisi kuutazama kwa hasira. Wamongolia wengi wana hisia zenye pande mbili: kutoka upande ule ule zilikuja shule, hospitali, chanjo na ulinzi wa mipaka, na zikaja pia orodha za watu wa kuuawa.

Ukiwa juu, ugeukie mji. Nyuma yako ni mlima Bogd Khan, uliohifadhiwa rasmi tangu 1783, moja ya hifadhi kongwe duniani. Mbele ni bonde, na kwenye miteremko ya kaskazini yametapakaa mahema meupe na nyumba ndogo zilizozungushiwa uzio wa mbao. Zaidi ya nusu ya wakazi wa mji huishi katika maeneo hayo, na mji wenyewe una karibu nusu ya watu wote wa Mongolia, takriban milioni tatu na nusu. Wengi walifika baada ya kupoteza mifugo kwa dzud, majira ambayo ukame wa kiangazi hufuatwa na baridi kali na barafu inayofunika nyasi, mnyama akafa njaa akiwa juu ya malisho. Katika dzud ya 2009 na 2010 peke yake walikufa wanyama zaidi ya milioni 8. Mfugaji aliyebaki mikono mitupu hulipakia hema lake na kuja mjini.

Hema hilo, ger, ni makazi bora nyikani, lakini mjini halina bomba la maji wala joto la kati linalosambazwa kwenye maghorofa. Huwashwa jiko, na baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Kwa kuwa mji uko bondeni, hewa baridi hukaa chini na ya joto huwa juu yake kama mfuniko, moshi ukakosa pa kutokea. Mwaka 2019 makaa ya mawe ghafi yalipigwa marufuku na kubadilishwa na ya kushindiliwa kiwandani. Moshi ulipungua, haukwisha. Anayezuru kati ya Novemba na Februari ajiandae na barakoa.

Ndani ya hema, na jioni

Ziara nzuri ina mlo au chai ndani ya ger ya familia. Mlango hutazama kusini. Usikanyage kizingiti unapoingia. Upande wa magharibi, kushoto kwako, kwa desturi ni wa wanaume na wageni. Mashariki ni wa wanawake na vyombo vya jikoni. Nyuma kabisa, mkabala na mlango, ni mahali pa heshima, usiende kukaa hadi ukaribishwe. Usipite wala kupitisha kitu kati ya nguzo mbili za katikati. Pokea kwa mkono wa kulia, kiwiko kikishikiliwa na mkono wa kushoto, adabu ambayo mtu wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa mara mbili. Utapewa chai ya maziwa yenye chumvi, vipande vigumu vya maziwa yaliyokaushwa, na pengine khuushuur, ambayo ni kama sambusa ya nyama iliyobapwa. Kiangazi kuna airag, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, yenye kileo kidogo. Asiyekunywa pombe aguse bakuli kwa midomo na kurudisha, hakuna atakayekasirika.

Onyesho la jioni mara nyingi huchukuliwa kama burudani ya kufungia siku. Kwangu ndilo lenye maelezo mengi kuliko makumbusho yoyote. Kuimba hakukuweza kuyeyushwa wala kuchomwa, ndiyo maana sanaa hizi zimefika zikiwa hai. Katika khöömii mwimbaji mmoja hutoa sauti mbili kwa wakati mmoja: moja nzito ya kooni, na nyingine nyembamba ya filimbi inayotokana na namna anavyobana ulimi na kuubadilisha umbo mdomo, akikuza mwangwi mmoja ulio ndani ya ile sauti nzito. Urtiin duu, wimbo mrefu, huvuta silabi hadi wimbo wa dakika nne ukawa na maneno kumi tu. Ni uimbaji wa mahali ambapo jirani yuko ng'ambo ya bonde. Morin khuur, ala ya muziki, ina nyuzi mbili za nywele za mkia wa farasi, na kichwa cha farasi kilichochongwa juu ya shingo yake. Sanaa zote tatu zimo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO. Katika msimu wa baridi maonyesho hupungua, hivyo uliza mapema.

Kampuni nyingi hushawishi wageni waongeze, ndani ya siku hiyo hiyo, sanamu kubwa ya Chinggis juu ya farasi huko Tsonjin Boldog, kilomita 54 mashariki mwa mji, chuma kisichoshika kutu chenye urefu wa mita 40, kilichozinduliwa 2008. Inavutia kweli. Lakini foleni za Ulaanbaatar ni mbaya mno, na safari hiyo itakula nusu ya siku, na kitakachokatwa kwenye ratiba ni Choijin Lama au makumbusho ya Zanabazar. Ukiwa na siku mbili, nenda. Ukiwa na moja, mwambie mwongozaji aiondoe, aanze na Gandan asubuhi, kisha Zanabazar, Choijin na uwanja, ambavyo kutoka kimoja hadi kingine unaweza kwenda kwa miguu, na aviache kasri la Bogd Khan na Zaisan kwa mchana, kwani viko upande mmoja wa kusini na gari litavuka mji mara moja tu.